Michezo Ile Ile, Rangi Mpya

9 Juni 1996

Jambo ninalowaficha watu wa nyumba hii ni kwamba ninakufa. Daktari wa Mwanza alinieleza mwezi wa nne, kwa Kiingereza, kana kwamba Kiingereza kingepunguza makali: uvimbe umeshika ini, na mvua za kupanda zitanikuta nimeshazikwa. Binti yangu Lukresia nilimwambia ni vidonda vya tumbo. Anaamini, ananikorogea uji mwepesi, na mimi nakunywa uji wa uongo wangu mwenyewe.

Nimeanza shajara hii ili pawepo mahali pamoja ninaposema kweli. Nilikuwa mkaguzi wa shule tangu Bariadi haina hata kituo cha basi. Walimu walinichukia kwa sababu sikukubali kudanganywa. Nisingependa kufa nimelegea.

Nimeandika. Nilidhani ingeniwia vigumu zaidi.

12 Juni

Nimeamka na hasira. Hakuna kingine.

14 Juni

Lukresia analalamika kwamba namaliza madaftari. Anasema naweka maneno sita ukurasa mzima, tena kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi. Nimemwambia mtu mzima huandika kwa herufi za mtu mzima.

Niandike pia tunavyoishi. Lukresia na mumewe Ndaki, ninaokaa nao nyumbani kwangu, wamepanga ghala lililokuwa la chama cha ushirika, pale nilipozoea kuona marobota ya pamba yamefika darini. Sasa mna televisheni moja, mashine moja ya gemu, mabenchi, na jenereta inayokohoa nje. Vijana na watu wazima wenye ndevu wanalipa kubonyeza vitufe. Mimi nina kiti changu kando ya ukuta, na nikikaa pale ndimi mwamuzi. Wakigombana nani kaanguka na zamu ya nani, nasema mimi, na ubishi unaisha hapo hapo. Ndicho cheo kilichonibakia, na sitanii ninaposema nakipenda.

Kinachonikera ni Ndaki. Hanyamazi. Anatangaza kila kitu kama mpira wa redioni: "Huyu wa shati jekundu karuka shimo la pili, kaanguka, kabakiza roho moja, zamu ni ya Salu." Nani kamwuliza? Watu wana macho yao.

17 Juni

Mboje amefika. Huyu ni mchuuzi anayepanda na kushuka Mwanza na Dar, na tangu biashara ifunguliwe hakuna takataka ya dunia asiyotuletea: betri zinazokufa siku ya pili, sabuni zenye harufu ya maua ambayo hapa hayaoti, suruali za marehemu wa Ulaya. Safari hii kaleta kaseti moja ya gemu, ndani ya boksi linalong'aa. Anasema humo zimo zote nne tulizo nazo, ya kuruka mashimo, ya ngumi, ya vifaru na ya mchimbaji, ila zimetengenezwa upya. Picha zimechorwa tena. Muziki umepigwa tena. Na ukizima jenereta, kesho yake inakumbuka ulipofikia.

Anachotaka kwa kaseti hiyo ni thamani ya ng'ombe mtamba. Na mtamba wenyewe ni mmoja tu, wa Ndaki, yuko Kimali kwa kaka yake, ana mimba ya kwanza. Ndio mwanzo wa boma lao, hawana kingine.

Ndaki anaitaka kaseti. Lukresia anamwogopea mtamba. Wamebishana hadi mwisho Lukresia akaja kwenye kiti changu na kusema, "Baba, wewe umesoma na umekagua mengi. Itazame. Ukisema inafaa tutauza. Ukisema haifai, yameisha, na Ndaki amekubali hivyo."

Nililishika boksi, nikaligeuzageuza, nikawaambia maandishi yake ni ya kuwavutia watoto.

19 Juni

Mboje ameiacha kaseti kwa mchana mmoja tuijaribu. Nilikaa nikaitazama kwa makini yote ya kazi yangu ya zamani.

Hukumu: haifai. Rangi zimemwagika kama mafuta ya taa juu ya maji. Mtu hatofautiani na ukuta anaouruka. Nyuso hazina macho. Na muziki wameuharibu kabisa. Kwenye kaseti ya zamani, mrukaji akishika ngazi kuna mlio, ti-ti-ti, unapanda naye. Akikosea, mlio unashuka. Hata nikiwa nimefumba macho najua yuko wapi. Kwenye hii mpya wameweka vinanda na ngoma juu ya kila kitu, kama arusi ya tajiri, mrukaji anakufa hujui.

Nilitoa hukumu hiyo kwa sauti, watu wakasikia. Ndaki akamwambia mkewe, nami nipo pale pale, "Mwambie baba, huenda televisheni ilikuwa mbali. Tunaweza kumvutia karibu."

Kwetu mkwilima haongei na baba mkwe uso kwa uso, sembuse kumpinga. Hupitisha neno kwa mkewe. Ni adabu nzuri, lakini inaweza kutumika kama kisu. Nilimwambia Lukresia amwambie mumewe kwamba nimekagua madarasa ya watoto mia nikiwa nimesimama mlangoni.

25 Juni

Wanadhani napinga kwa sababu ya uzee. Nina hoja.

Miaka yangu ya mwisho kazini walianza kutuletea vitabu vya hesabu vilivyoandikwa "toleo jipya". Jalada jipya, picha ya mtoto mnene anayecheka. Ndani hesabu zile zile, na jibu la zoezi la tano limekosewa vile vile. Ni sawa na mtu kuuziwa nyumba yake mwenyewe baada ya kupakwa chokaa. Ndicho anachofanya Mboje.

Ndaki, kwa kinywa cha mkewe, ana jibu. Anasema katika hii mpya makosa wameyasahihisha. Daraja la shimo la nne, ambalo kwenye kaseti ya zamani lilimmeza mtu hata akiruka vizuri, sasa linamshika. Nikasema hapo ndipo wamelikoroga. Vijana wa Bariadi wamejifunza kuruka kabla ya daraja, hatua moja mapema, bila kufundishwa na mtu. Huo ndio ufundi wao. Ukilitengeneza daraja, umemfanya fundi na mjinga wawe sawa.

Ndaki akamwambia Lukresia, "Mwambie baba, na mgeni ambaye hajawahi kucheza je?"

Swali halikuwa baya, na hilo ndilo lililoniudhi.

3 Julai

Ununuzi wa pamba umeanza. Zamani palikuwa na mnunuzi mmoja, mwizi, lakini ulijua jina lake na nyumbani kwake. Sasa wako kila kona na mizani yao, na kila mizani ina akili yake. Bwana mmoja wa Dutwa kaniletea karatasi aliyopewa na kampuni, nimsomee kabla hajatia dole gumba. Nilimwambia arudi kesho, leo nimechoka.

4 Julai

Karudi. Nilimwambia karatasi imechapwa vibaya, ampelekee katekista.

11 Julai

Tumbo. Siandiki.

20 Julai

Kasmiri, mwenye chumba cha gemu karibu na stendi, kainunua kaseti kama ile. Mabenchi yetu yamepungua watu. Pale mlangoni petu Mama Kabula, ambaye anauza karanga na kunitania tangu mke wangu Nyanjige akiwa hai, kaniamkia leo kwa Kisukuma, "Mkaguzi, mwangaluka. Wanafunzi wako wamehamia shule yenye madawati."

Nikamwambia wataikinai rangi. Akasema na yeye aliolewa kwa ajili ya rangi ya shati, akadumu miaka arobaini.

Ndaki bado anatangaza, ingawa wachezaji ni wanne. "Huyu wa kushoto kampiga ngumi mwenzake, mwenzake chini, anainuka, sasa wametoshana." Nilimwuliza Lukresia kama mumewe analipwa kwa maneno. Lukresia akacheka. Ndaki akaendelea, kwa sauti ya chini, akiwa amesogea upande wa kiti changu. Mtu gani huyu asiyejua kwamba anachukiwa?

4 Agosti

Mama Kabula ndiye aliyetoa wazo, na kila mtu kalipokea kana kwamba limeteremka toka mbinguni. Tufanye kama ngoma. Wenyeji tunajua: baada ya mavuno vikundi viwili vya ngoma hupambana uwanja mmoja, wakati mmoja, na hakuna jaji wa kuandika alama. Wanaotazama wenyewe huhama. Kikundi kilichobakiwa na watu ndicho kimeshinda.

Basi Mboje atatuazima televisheni ya pili na mashine. Kaseti ya zamani upande mmoja wa ghala, mpya upande wa pili. Mpya ikivuta watu, mtamba auzwe. Ya zamani ikiwavuta, mtamba abaki, na Ndaki asiseme tena.

Nilikubali kwa sharti moja: nifungue mimi, niwaeleze watu tofauti kabla hawajahama. Mboje naye akaweka lake: sauti zizimwe zote mbili, ili watu wahukumu kwa macho tu. Niliona Ndaki anataka kusema neno. Alimwita Lukresia pembeni. Lukresia aliporudi alisema, "Baba, Ndaki anaomba sauti ziachwe."

Nilimwuliza anaogopa nini. Nikasema zizimwe.

18 Agosti, Jumapili

Nitaandika yote.

Watu walijaa baada ya misa. Wamekuja mpaka wa Dutwa kwa baiskeli, wana pesa za pamba mfukoni na hawajui pa kuzipeleka. Tulikuwa tumepatana tangu jana kwamba kaseti mpya iwe upande wa mlangoni, na ya zamani upande wa dirishani. Lukresia alinishika mkono kunipitisha katikati ya watu, kwa kuwa walibanana, nikasimama karibu na mlango. Jenereta ilikuwa inanguruma. Televisheni zote mbili kimya.

Nilizungumza kama nilivyokuwa nikizungumza mbele ya walimu wakuu. Nikanyoosha fimbo kwenye televisheni ya mlangoni. Nikasema hii ndiyo mpya, itazameni vizuri. Rangi zimemwagika. Uso hauna macho. Mtu na ukuta ni kitu kimoja. Aliyeitengeneza hii hajui kazi, na anayetaka kuiuzia mtamba hajui mtamba. Kisha nikaonyesha dirishani nikasema pale kuna ya zamani, safi, kila mstari mahali pake.

Nilingoja makofi. Ikasikika jenereta tu. Halafu Mama Kabula akacheka, cheko fupi, akalikata mwenyewe katikati.

Asubuhi jua lilikuwa limepiga mlangoni, picha hazionekani vizuri, wakazihamisha televisheni kabla sijafika. Mboje hakukubali picha za kaseti yake zififie kwa jua mbele ya watu. Mpya ilikuwa dirishani. Niliyoitukana ilikuwa ya kwetu, ya zamani, ambayo nimeikalia miaka mitatu.

Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Kwani mzee haoni?"

Ndaki akatoka kwenye jenereta akaja mbele. Alinisemesha mimi, uso kwa uso, mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu amwoe binti yangu.

"Baba, ni mimi. Nimebadilisha kaseti kwenye mashine ulipokuwa unaingia. Nilitaka uisifu mpya bila kujua."

Ghala zima lililipuka. Watu wa Dutwa wakamwita tapeli. Salu, mchezaji wake wa kila siku, akasema basi ndiyo maana zamu zake zimekuwa zikiisha mapema. Mboje akazima televisheni yake, akasema hafanyi biashara na mtu wa namna hiyo, akabeba vitu vyake. Hakuna aliyehama wala kushinda. Wakatawanyika wakicheka na kutukana.

Na mimi nilimfokea. Nilimwambia mkwilima anayeishi kwa wakwe zake tayari ameshakula aibu ya kutosha, na huyu kaomba nyongeza. Kamdhalilisha mkaguzi mbele ya wilaya nzima kwa ajili ya mdoli wa plastiki. Nilimwambia nyumba hii si yake.

Aliinama kama anavyoniinamia kila asubuhi. Jioni kaondoka na baiskeli kwenda Kimali.

Nimedanganywa. Nimeandika.

19 Agosti

Nimedanganywa, na sina cha kuongeza.

23 Agosti

Lukresia hasemi nami ila kwa mambo ya uji. Jenereta imenyamaza. Sikujua nyumba hii ina kimya kikubwa namna hii.

30 Agosti

Nilikwenda ghalani kwa fimbo yangu, nikakaa kwenye kiti. Wamekuja vijana wawili, Lukresia akawawashia. Wakagombana nani kamwangusha mwenzake kwenye gemu ya ngumi, wakaniangalia mimi, nadhani waliniangalia, maana walinyamaza. Hapakuwa na mtu wa kutangaza. Nikasema mchezo urudiwe. Wakagombana tena, nikasema urudiwe. Mara ya tatu mmoja akasema, "Mkaguzi, si umeona mwenyewe?"

Nikafunga ghala.

8 Septemba

Lukresia kaja kukaa kwenye mkeka miguuni pangu, kama alipokuwa mdogo na ana kosa. Hakuwa na kosa.

Akasema, "Baba, siku ile televisheni ya mlangoni niliibeba mimi na Ndaki. Kaseti ya zamani niliichomeka mimi kwa mkono wangu. Na ulipokuwa unaingia Ndaki alikuwa nje anamimina mafuta kwenye jenereta. Kila mtu alimwona akitokea huko."

Nikamwuliza anataka kusema nini.

"Sitaki kusema chochote, baba. Nataka wewe useme."

Nilimwambia nina vidonda vya tumbo, aniache nipumzike. Akasema daktari wa Mwanza alimwambia mwenyewe, mwezi wa nne ule ule, koridoni, kwa Kiswahili. Ameukoroga uji wote huu akijua.

Basi na siri yangu kubwa haikuwa siri. Nilikasirika hata nikakosa pumzi. Nimekasirika na daktari, na uji, na Nyanjige kwa kutangulia. Sijajua bado kama nimekasirika na Lukresia.

15 Septemba

Maumivu. Padri kaja. Niliungama ukali, kiburi, na shule moja niliyoifungia kwa hasira. Akauliza kama kuna jingine. Nikasema hakuna.

24 Septemba

Mama Kabula kaniletea karanga nisizoweza kutafuna. Anasema huko Kimali wanamwita Ndaki "Badilisha-kaseti", na watoto wanamfuata nalo hadi kisimani. Kaka yake hamruhusu auze hata yai kwa niaba yake.

Nilimwambia ni malipo yake. Mama Kabula akasema, "Mkaguzi, nimekaa mlangoni pale miaka mitatu. Siku ukiwa umelala nyumbani, yule kijana hatangazi."

Akachukua karanga zake akaenda.

29 Septemba

Sijalala vizuri. Nimekuwa nikirudia siku zote zile kichwani. "Huyu wa shati jekundu." "Zamu ni ya Salu." "Huyu wa kushoto." Jinsi alivyosogea karibu na kiti changu na kushusha sauti. Alivyoomba televisheni ivutwe, halafu alivyoomba sauti ziachwe. Kila neno nililoliandika hapa kama kero yake.

Nimemwagiza Lukresia amwite.

4 Oktoba

Kaja na maziwa. Mtamba kazaa, dume, jekundu, anasema. Alisimama nje ya mlango wa chumba changu, kama inavyompasa, akaomba kwa mkewe ruhusa ya kuingia. Nilimwambia aingie, aseme nami mwenyewe. Alikaa chini karibu na mlango. Hakuuliza kwa nini nimemwita, wala hakutaja ghala.

Sikuweza. Miaka yote niliyowasimamisha watu wazima wakiri mbele ya wanafunzi wao, na kinywa changu kilikataa. Nikamwambia tu nimeikumbuka ile gemu ya ngazi.

Akatoka. Walirudi na Lukresia wamebeba televisheni, mashine na betri ya gari. Wakaviweka karibu na kitanda, sauti juu. Ti-ti-ti. Akacheza yeye mwenyewe, na bila kuombwa akaanza.

"Yuko ngazini, baba. Anapanda. Sasa shimo la kwanza, kavuka. La pili, kavuka. Sasa tunakaribia daraja, naruka hatua moja mapema."

Hakukosea kuruka. Mimi nililia, nikageukia ukutani, naye akaendelea kutangaza ili Lukresia asinisikie.

5 Oktoba

Kalamu hii nimeiegemeza kwenye rula, na rula kwenye kidole, mstari kwa mstari, kama ninavyofanya tangu mwanzo. Sijui hata kama wino bado unatoka. Lukresia atasoma haya, na nimemwambia ayasome kwa sauti ghalani, Jumapili baada ya misa, mbele ya Salu na Mboje na watu wa Dutwa, na mtu apeleke habari hadi kisimani Kimali.

Niliweza kuandika siku ya kwanza kwamba ninakufa. Hili limenichukua msimu mzima wa pamba.

Lukresia, mwezi wa sita uliniuliza kama kaseti mpya inafaa kuuziwa mtamba. Hili ndilo jibu la mkaguzi. Sijui. Sijaiona. Ndaki hakubadilisha kitu. Mimi ni kipofu, mwaka wa tatu huu.